Elektrodi laini zaja, lakini bado hazijafika dukani

Wasomaji wengi wameuliza kuhusu vifaa vya umeme vinavyopandikizwa mwilini, na swali linalojirudia ni moja: je, mtu mwenye betri ya moyo (pacemaker) hawezi kufa mpaka izimwe? Si kweli. Betri huamsha msuli ulio hai; msuli ukishakufa hauitikii, hata betri iendelee kutuma umeme usiku kucha. Arne Larsson wa Sweden, binadamu wa kwanza kupandikizwa kifaa hicho, Oktoba 1958, aliishi hadi 2001.

Kwa vifaa vinavyopandikizwa kwenye ubongo na neva, ugumu wake ndio unaowakosesha wanasayansi usingizi. Malighafi ya chipu, inayotumika pia kutengenezea elektrodi (ncha zinazopitisha umeme kati ya kifaa na neva), ni ngumu mara makumi ya mamilioni kuliko ubongo. Ubongo hutikisika kila moyo unapopiga na kila tunapovuta pumzi, lakini sindano ya elektrodi haifuati mwendo huo. Inasugua. Mwili huiona kama mwiba: seli za kinga huizingira, kovu hujengeka, na baada ya miezi kadhaa ishara za neva zilizosikika vizuri mwanzoni hufifia.

Mwaka 2015, kundi la Stéphanie Lacour na Grégoire Courtine huko Lausanne, Uswisi, lilionyesha kwa panya tofauti kati ya vifaa vigumu na laini. Vipandikizi vigumu viliharibu uti wa mgongo. Utepe mwembamba wa mpira wa silikoni, wenye nyaya za dhahabu zinazonyumbuka, ulikaa miezi miwili bila madhara hayo.

Kuna kikwazo cha pili, nacho ndicho kinachonivutia zaidi. Waya hupitisha elektroni, neva hutumia ioni zilizo ndani ya maji. Kwenye elektrodi ya chuma, mabadilishano hayo hufanyika juujuu tu, na ukizidisha umeme unaanza kupasua maji na kuunguza tishu. Tofauti na chuma, polima zinazopitisha umeme hunyonya maji, ioni zikaingia hadi ndani kabisa, huku elektroni zikipita kwenye minyororo ya polima hiyohiyo. Kwa hiyo volti ndogo inatosha.

Watafiti wa vyuo vikuu vya Linköping na Lund, Sweden, walikwenda mbali zaidi. Februari 2023, katika jarida la Science, walieleza jeli ambayo hudungwa ikiwa haipitishi umeme. Ndani yake mna vimeng'enya. Kimoja huchukua glukosi au laktati ya mwili wenyewe na, kwa msaada wa oksijeni, huzalisha haidrojeni peroksaidi. Kingine hutumia peroksaidi hiyo kuziondolea elektroni molekuli ndogo zilizomo kwenye jeli, nazo zikaanza kushikana, moja baada ya nyingine, hadi zikawa polima laini inayopitisha umeme. Mwili unakuwa kiwanda cha elektrodi yake! Ilifanya kazi katika ubongo, moyo na mapezi ya mkia ya samaki-pundamilia walio hai, na kwenye neva za ruba.

Samaki na ruba, si binadamu. Ni lazima kwanza ijulikane jeli hiyo itadumu miaka mingapi mwilini, na itaunganishwaje na vifaa vya nje.

Ndiyo maana nakosa subira na wale wenye mashine ya kushika kiganjani, inayodaiwa kusoma ini, figo na mbegu za kiume kwa dakika moja, kisha unauziwa makopo ya virutubisho. Umeme wa kiganjani hubadilika hata kwa jasho. Hauna habari yoyote ya figo zako. Huo ni wizi, na mgonjwa wa kweli hupoteza muda wa kutibiwa.

Ushauri ni mfupi. Ukizimia au moyo ukienda polepole isivyo kawaida, nenda hospitali. Kwa Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hupandikiza betri za moyo. Ukiwa na betri hiyo, weka simu umbali wa sentimita 15 au zaidi kutoka kifaani, onyesha kadi yake kabla ya kipimo cha MRI, na usikose kliniki. Bangili na mikanda ya sumaku usiisogeze kifuani: haitibu chochote, na sumaku yenye nguvu hubadilisha utendaji wa betri. Atakayekuuzia leo "tiba ya umeme wa mwili", mtake akuonyeshe majaribio yake kwa binadamu kabla hujatoa shilingi.