Kuficha Kiungo Si Kufunga Faili

Tarehe 26 Novemba 2025, takriban saa moja kabla ya Waziri wa Fedha wa Uingereza, Rachel Reeves, kusimama bungeni kusoma bajeti, ripoti yenye hesabu za bajeti hiyo ilikuwa imeshafika mikononi mwa waandishi wa habari. Ilikuwa imepakiwa mapema kwenye tovuti ya OBR, taasisi inayotoa makadirio rasmi ya uchumi wa nchi hiyo, ili itangazwe mara waziri atakapomaliza kusema. Hakuna nenosiri lililoibwa. Jina la faili lilifuata mpangilio uleule wa ripoti ya Machi, hivyo aliyebadilisha mwezi kwenye anwani aliipata ripoti. Siku chache baadaye mwenyekiti wa taasisi hiyo, Richard Hughes, alijiuzulu.

Chanzo cha kuvuja huko ni jambo ambalo wengi wanaopakia nyaraka hawalijui: ndani ya mfumo wa kusimamia maudhui, ukurasa na faili ni vitu viwili. Katika WordPress, mfumo uliotumiwa na OBR, ukurasa ukiwa rasimu hauonekani kwa umma. Lakini PDF unayoiambatisha huingia papo hapo kwenye folda ya wp-content/uploads, ikapangwa kwa mwaka na mwezi, na kupewa anwani yake. Kwa kawaida anayeifungua anwani hiyo huletewa faili na seva moja kwa moja, bila kuulizwa kama ukurasa umeshatangazwa. OBR ilitumia programu-jalizi ya kusimamia upakuaji, nayo ikaacha anwani iliyo wazi. Seva nayo haikuwa imewekwa kizuizi. Kuficha kiungo ni kung'oa kibao cha njia huku mlango ukiwa haujafungwa.

Wapo watakaouliza ni nani ana muda wa kukisia anwani. Jibu ni kwamba anayesubiri jambo kwa hamu anao, na ofisi humrahisishia kazi kwa kuyapa mafaili majina ya mazoea. Orodha ya walioitwa kwenye usaili au nyaraka za zabuni zina wasubiriaji wa namna hiyo. Wengine watasema basi kiungo kifutwe pakitokea kosa. Kukifuta hakuliondoi faili kwenye seva, na injini za utafutaji huweza kuendelea kulionyesha. Hata ukipakia toleo lililosahihishwa kwa jina lilelile, WordPress huliongezea jipya tarakimu, na la zamani hubaki na anwani yake, likiendelea kupotosha watu.

Hoja nzito zaidi ni ya watendaji: nyaraka zikipakiwa dakika ya mwisho, umma utacheleweshwa. Ni kweli, lakini si kila waraka una siri. Ripoti ya mwaka jana ipakiwe wakati wowote. Wenye saa yake ya kutangazwa ndio usubiri saa hiyo, au uwekwe kwenye folda ambayo fundi ameizuia kwenye seva yenyewe. Jina lisiloweza kukisiwa ni nyongeza, si kufuli. Kupima kama faili limefungwa hakuhitaji utaalamu. Aliyepakia anakili anwani ya faili na kuifungua kwenye kivinjari ambacho hakijaingia kwenye mfumo. Likifunguka, waraka umeshatangazwa, hata kama ukurasa wake bado ni rasimu.