Saa za Kuuza: Kazi ya Mshauri wa Tarakilishi

Wahitimu wengi huyatazama makampuni makubwa ya ushauri wa teknolojia kama kilele cha ajira: suti nadhifu, safari za ndege na mshahara wa kuonewa kijicho. Makala haya yanadhamiria kueleza kinachofanyika humo hasa, na kwa nini msomi wa lugha anapaswa kukijua.

Asili ya biashara hii inapatikana katika uhasibu. Mwaka wa 1953, kampuni ya General Electric ya Marekani iliwataka wahasibu wa Arthur Andersen wachunguze iwapo tarakilishi ingeweza kuandaa mishahara ya wafanyakazi wa kiwanda chake cha Louisville, Kentucky. Mwaka uliofuata mtambo wa UNIVAC ulitiwa kazini humo. Tawi la ushauri lililochipuka kutokana na kazi za aina hiyo liliitwa Andersen Consulting mwaka wa 1989, na tarehe 1 Januari 2001 likachukua jina la Accenture.

Kampuni ya namna hii aghalabu huuza saa za watu. Mshauri hujaza fomu inayoonyesha alimtumikia mteja yupi na kwa saa ngapi. Mteja hulipia saa hizo kwa bei inayoupita mbali ujira wa mshauri mwenyewe. Tofauti hiyo ndiyo inayogharimia ofisi na mafunzo, na ndimo inamotoka faida. Hapa ndipo hofu ya "benchi" inapozuka. Aliyemaliza mradi na hajapangiwa mwingine huwa kama mchezaji wa akiba: analipwa, ilhali haingizi chochote. Akikaa huko sana hubisha milango ya mameneja akitafuta nafasi, kwani wakubwa humpima kwa saa zilizolipiwa.

Isitoshe, saa zenyewe hufuata jua la mteja. Infosys, iliyoanzishwa na wahandisi 7 mjini Pune, India, mwaka wa 1981, ilikua kwa kuwahudumia wateja wa ng'ambo. Majira ya baridi, ofisi za New York zifunguliwapo saa tatu asubuhi, Bengaluru huwa saa moja na nusu usiku. Mkutano wa asubuhi wa mmoja humkuta mwenziwe akingojewa kwa chajio.

Manufaa yapo. Katika miaka michache, kijana huona kwa ndani jinsi benki, hospitali na idara za serikali zinavyoendeshwa. Tena, kinyume na dhana iliyoenea, sehemu kubwa ya kazi hii ni lugha. Tuchukue mfano wa benki inayotaka programu ya kuhesabu wateja. Kwa afisa wa mikopo, "mteja" ni mtu. Kwa karani wa akaunti, ni kila akaunti. Mtu mwenye akaunti 3 atahesabiwa mara moja huku na mara tatu kule. Tarakilishi haiwezi kuutatua utata huo. Sharti mshauri asikilize, aitambue polisemia, na awapatanishe wenye neno kabla programu haijaandikwa.

Kwa kuhitimisha, mwanafunzi wa isimu au fasihi asijione mgeni katika kazi hii. Kusikiliza na kufasiri maana ni ujuzi aliokwisha kuupata darasani. Hata hivyo, kabla ya kutia sahihi mkataba, na aulize ni saa ngapi zitakazouzwa kwa wiki, na ni ngapi zitakazosalia kuwa zake. Ujuzi haupungui kwa kutumiwa, lakini saa iliyokwisha kuuzwa hairudi.