Kilwa: Bandari iliyomstaajabisha msafiri wa Tangier

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Kigamboni

Mwaka 1331 Miladia, chombo kilichotoka upande wa Mombasa kilitia nanga Kilwa Kisiwani. Miongoni mwa abiria wake alikuwamo mwanachuoni kijana, mwenye umri wa miaka ishirini na saba hivi, aitwaye Muhammad bin Abdallah, ambaye ulimwengu unamfahamu zaidi kwa jina la Ibn Battuta. Alikuwa mzaliwa wa Tangier, mji wa bandari ulioko ncha ya kaskazini ya Morocco, pale Bahari ya Mediterania inapokutana na Bahari ya Atlantiki. Alitoka kwao mwaka 1325 kwa nia ya kuhiji, na safari hiyo ikazaa safari nyingine nyingi, hata asirejee Morocco ila baada ya miaka ishirini na minne.

Mtu aliyezaliwa bandarini hashangazwi na kila mlingoti. Kabla ya kufika kwetu, Ibn Battuta alikwisha kuiona Alexandria ya Misri, Aden ya Yemen na Mogadishu ya Somalia. Hata hivyo, aliposimulia safari zake uzeeni, aliuhesabu mji wa Kilwa katika miji iliyo mizuri mno na iliyojengwa vyema kuliko mingi aliyoiona. Ushahidi huu una uzito, ndugu msomaji, kwa kuwa hautoki kwa mwenyeji anayejisifia kwao. Umetoka kwa mgeni aliyekuwa na miji mingi ya kulinganisha.

Swali linalotupasa kujiuliza ni hili: mji ule ulisimama kwa kitu gani, na ni kitu gani kilichouangusha?

Mji wa pepo mbili

Kilwa Kisiwani iko mkoani Lindi, kiasi cha kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam, ikitazamana na mji wa Kilwa Masoko ulioko bara. Kisiwa chenyewe si kikubwa, wala ardhi yake haikuwa na dhahabu wala pembe. Utajiri wake ulitokana na mahali Mwenyezi Mungu alipokiweka.

Wazee wetu wa pwani waliishi kwa pepo mbili. Kaskazi, inayovuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, ilileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi, inayoanza Aprili, ilivirudisha makwao. Chombo kilichotoka ng'ambo kiliweza kufika Kilwa na kurejea katika msimu mmoja, lakini kikiendelea mbali zaidi kusini kilikuwa hatarini kukwama mpaka mwaka wa pili. Sofala, bandari ya dhahabu iliyoko katika Msumbiji ya leo, ilikuwa nje ya mpaka huo. Kwa hiyo watu wa Kilwa walikwenda wenyewe Sofala, wakachukua dhahabu iliyotoka nchi za Zimbabwe, wakaileta kisiwani, na wageni wakaikuta hapo ikiwangoja. Wao walileta nguo, shanga na vyombo vya kauri kutoka China na Uajemi.

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba zenye majina yao. Sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, na sarafu chache za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Mji wa nani?

Tarikh ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan alikuja kutoka Shirazi akakinunua kisiwa kwa mtawala wake wa asili, na bei ikawa nguo ya kukizunguka kisiwa kizima. Masimulizi hayo yana utamu wake na yana heshima yake. Hata hivyo, wachimbuzi wa mambo ya kale, akiwamo Neville Chittick aliyefanya kazi kisiwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, walikuta chini ya mji wa mawe mabaki ya kijiji cha kale zaidi, cha wavuvi na wahunzi waliofinyanga vyungu vyao wenyewe.

Basi Kilwa haikushushwa pwani ikiwa imekamilika kutoka ng'ambo. Wenyeji waliupokea Uislamu, wakapokea wageni, wakaoana nao, na katika mchanganyiko huo ukakua mji wenye lugha yake na adabu zake. Ibn Battuta aliwakuta watu wa mji, ambao wengi wao aliwaeleza kuwa weusi sana, wakifuata madhehebu ya Imam Shafi, madhehebu ambayo mpaka leo ndiyo ya wengi katika misikiti yetu ya pwani.

Sultani na maskini

Mtawala aliyemkuta ni huyo Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta anaeleza kuwa alikuwa mnyenyekevu, akikaa na mafakiri na kula nao, na akiwaheshimu watu wa dini. Fungu la mali lililotengwa kwa ajili ya masharifu aliliweka mbali na mali yake, nao walimjia kutoka Hijazi na Iraki.

Kisa kimoja alikishuhudia mwenyewe. Sultani alikuwa akitoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa, akakutana njiani na fakiri kutoka Yemen. Fakiri akamwomba nguo zile zile alizozivaa. Sultani hakukasirika wala hakuahidi kesho. Aliingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akazitoa zile akampa yule mtu. Mrithi wake akazikomboa nguo za baba yake kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na Sultani aliposikia jinsi watu walivyolipenda jambo lile akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Ibn Battuta hakuishia hapo. Anaeleza kwamba Sultani alipofariki alitawala ndugu yake Daud, naye alikuwa kinyume chake. Mwombaji akimwendea, humjibu kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutoa. Wageni walikaa kwake miezi mingi wakapata kidogo mno, mpaka wakaacha kumwendea. Mji ulikuwa ule ule, bandari ile ile na pepo zile zile, lakini tabia ya mtu mmoja ilitosha kubadili sifa yake.

Doa lisilofichika

Hapa yatupasa tuwe wakweli, hasa tunaposoma na watoto wetu. Katika kisa kile cha ukarimu, zawadi yenyewe ni binadamu. Nguo za Sultani zilikombolewa kwa watu ambao majina yao hakuna aliyeyaandika. Qur'ani tukufu, katika Suratul Balad, imelitaja tendo la kumwacha huru mtumwa kuwa ndiyo njia ngumu ya mlimani ambayo mwanadamu anahimizwa aipande. Wazee wetu wengi hawakuipanda.

Na baadaye hali ilizidi kuwa mbaya. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje, iliyoko bara, ikawa mojawapo ya bandari kubwa za kusafirisha watumwa kwenda Unguja. Hatuwezi kuichukua dhahabu ya Kilwa tukaiita urithi wetu, kisha minyororo ya Kilwa tukaiita ya watu wengine. Mwenye kurithi nyumba hurithi na deni lake.

Kasri na msikiti

Anayevuka kwenda kisiwani leo huona majengo mawili yanayostahili kutazamwa kwa pamoja.

La kwanza ni Husuni Kubwa, kasri la al-Hasan bin Sulaiman lililojengwa juu ya mwamba unaotazama bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua za kupokelea wageni, na birika la kuogea lenye pembe nane. Ni kazi ya ajabu kwa zama zake. Lakini halikukamilika, na halikukaliwa kwa muda mrefu. Baada ya enzi yake lilihamwa.

La pili ni Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 au 12. Sultani yule yule aliupanua kwa upande wa kusini katika karne ya 14, akajenga na kuba lililokuwa kubwa kuliko makuba yote ya Afrika Mashariki hadi karne ya 19. Nguzo za upanuzi huo, zilizochongwa kwa matumbawe, hazikudumu. Sehemu kubwa ya jengo iliporomoka. Katika karne ya 15 watu wa Kilwa waliujenga upya, safari hii kwa nguzo imara zaidi na safu za matao yaliyobeba makuba na dari za mviringo, na ndiyo sura tunayoiona mpaka leo.

Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Majengo hayo mawili yana mkono wa mtu mmoja, na mawe yake yalitoka katika bahari moja. Kasri lilikuwa la mwenyewe, na mwenyewe alipoondoka hapakuwa na aliyelihitaji. Msikiti ulikuwa wa wote, na ulipoanguka walikuwapo wa kuuinua. Sisi tulio katika kamati za misikiti twajua kuwa kujenga kuna shangwe, na siku ya kuweka jiwe la msingi wafadhili hawakosekani. Mtihani huja pale paa linapovuja na hakuna sherehe ya kumwalika mtu. Kilwa ilifaulu mtihani huo.

Nyumba iliyogawanyika

Uliposhindwa, mji ule ulishindwa kwanza ndani. Kufikia mwisho wa karne ya 15 wakuu wa Kilwa walikuwa wakigombea kiti. Amiri Ibrahim alitawala bila ya kukubaliwa na wote, na wapo waliomhesabu kuwa mnyang'anyi. Vasco da Gama alipokuja na merikebu zake mwaka 1502 alimlazimisha alipe kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilifuliwa huko Lisbon mwaka 1506 ikawa chombo cha ibada ya kanisa, na mpaka leo kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji huo.

Mwezi Julai 1505 alifuata Francisco de Almeida. Mji ulitekwa kwa upinzani mdogo na kuporwa, na Ibrahim akakimbia. Mreno hakupata taabu ya kutafuta mtu wa kumkalisha kitini. Alimkuta tayari miongoni mwa wapinzani wa Amiri, naye ni Muhammad bin Rukn al-Din. Mwaka uliofuata huyo naye akauawa. Wareno walijenga ngome, lakini dhahabu ya Sofala walikwisha kuishika wenyewe kwa ngome nyingine huko huko. Mwaka 1512 wakaondoka Kilwa, kwani shina la utajiri lilikuwa limekatwa.

Tangier, mji aliozaliwa Ibn Battuta, ulikuwa umetekwa na Wareno hao hao mwaka 1471, miaka 34 kabla ya Kilwa. Kisha mwaka 1661 ukaahidiwa kwa mfalme wa Uingereza kuwa sehemu ya mahari ya binti wa kifalme wa Ureno, kana kwamba ni kasha la nguo. Waingereza waliuhama mwaka 1684, nao ukarejea Morocco. Hata hivyo Tangier ingali bandari, kwa kuwa mlango wa bahari iliojengwa juu yake haukuhama. Kilwa ilitegemea pepo na dhahabu ya mbali. Njia zilipobadilika, ikabaki na magofu yake.

Yaliyo mikononi mwetu

Mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi ya kuyakarabati na kuyakinga yakaondolewa humo mwaka 2014. Ni habari njema, na inaonesha kuwa kinachobomoka kinaweza kuzuiwa.

Lakini si lazima mtu afike Kilwa ndipo ajifunze. Hapa hapa Kigamboni, upande wa Gezaulole, iko Mbwamaji, yenye makaburi ya kale na mabaki ya msikiti wa wazee waliotutangulia. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwezi Aprili 2016, ardhi yetu imepanda thamani na kubadili mikono kwa haraka. Katika pilikapilika hizo, viwanja vya misikiti, vyuo na makaburi vilivyotolewa wakfu kwa neno la mdomo ndivyo vilivyo hatarini zaidi, kwani shahidi akifa neno lake huzikwa naye.

Basi kila kamati na ikae na wazee wangali hai, iandike nani alitoa nini, mpaka wapi na kwa masharti gani, kisha ifuate taratibu za hati katika ofisi za ardhi. Na wazazi, wakati wa likizo, wawapeleke watoto Mbwamaji, wakiweza na Kilwa, wakawasimulie habari zote: za Sultani aliyevua nguo zake, za watumwa waliotolewa badala ya nguo hizo, na za wakuu waliogombana mpaka adui akaingia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awasamehe walipokosea, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoinua kilichoanguka. Amin.