VIZAZI VYA SIMU: TULIFIKAJE KWA 4G?

Kila mmoja wetu ameiona ile alama ya 4G juu ya kioo cha simu. Lakini ukiuliza maana yake, wengi watakujibu, "Si ni mtandao wa mbio tu!" Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu ya habari. Hebu niieleze nusu iliyobaki.

4G ni kizazi cha nne. Kizazi cha kwanza kilianza Tokyo, Japani, mwaka 1979, nacho kilibeba sauti tu. Cha pili kilianza Finland mwaka 1991. Hicho kiligeuza sauti kuwa tarakimu, kikatuletea na ujumbe mfupi. Cha tatu kikaanza Japani mwaka 2001, na intaneti ikapata nguvu. Cha nne kilifunguliwa Desemba 2009 katika miji ya Stockholm na Oslo. Hapa Kenya, Safaricom ilikizindua Desemba 2014.

Sasa tofauti iko wapi? Chukua mfano wa matatu. Zamani, ukipiga simu ni kama umekodi matatu nzima peke yako. Hata ukinyamaza, hakuna mwingine wa kuketi. Katika 4G kila kitu, hata sauti, hukatwa vipande vidogo vidogo, na vipande vya watu wengi husafiri pamoja kama abiria. Tena mawimbi yenyewe hugawanywa kuwa vijia vingi vyembamba, vya kilohezi 15 kila kimoja. Kijia kimoja kikiharibika, vingine vinaendelea na kazi.

Ndiyo sababu simu nyingine ikipigiwa, alama ya 4G hutoweka mara moja. Simu hiyo haijui kupitisha sauti kwa njia mpya, kwa hivyo hurudi kwa kizazi cha tatu au cha pili ili uongee. Haijaharibika!

Jina lenyewe lilizua ubishi. Mwaka 2008 shirika la ITU lilitaka 4G ifikie megabiti 100 kwa sekunde kwa mtu aliye katika gari liendalo mbio, na gigabiti 1 kwa aliyetulia. Mitambo ya 2009 haikufika hapo. Hata hivyo, Desemba 2010 ITU ilikubali jina hilo litumike. Mtoto alipewa jina la mkubwa kabla hajakua!

Jambo linalonigusa zaidi ni hili. Kizazi kipya kikija, kampuni hutamani kuzima cha zamani ili mawimbi yake yatumike upya. Telstra ya Australia ilizima kizazi cha pili Desemba 2016. Lakini nyanya zetu wengi wana mulika mwizi, na M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, hufanya kazi vizuri kwa simu hizo. Ukizima leo, utakuwa umewafungia pesa zao pia. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Maendeleo ni mazuri, wenzangu, bora tu tuhakikishe kila mzee ameshikiwa mkono kuvuka kabla daraja la zamani halijavunjwa.