Ngome ya Ikoma Ilipokuwa Hoteli

Kila likizo ya Disemba ikaribiapo, wazazi kadha wa Mugumu na Tarime ambao Mwenyezi Mungu amewakunjulia riziki hutuuliza: je, yafaa mtu kumchukua mkewe na watoto wake, akalale nao usiku mmoja au miwili katika hoteli za kifahari za Serengeti? Sisi twajibu kwamba kustarehe kwa halali hakuna ubaya, maadamu hapana deni nyuma yake. Lakini swali hilo lina mwenziwe asiyeulizwa: nyumba zile zilitoka wapi, na ni nani aliyeingia kwa mlango wa mbele?

Katika wilaya ya Serengeti, si mbali na kijiji cha Robanda, iko ngome ya mawe iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20; mwaka utajwao aghalabu ni 1905. Walichagua mahali pa juu ili askari wapate kuona mbali juu ya uwanda. Watu wa nchi hii wakati ule walikuwa hawajapona madhila ya miaka ya 1890, pale sotoka ilipomaliza ng'ombe na njaa ikafuata. Juu ya hayo ikaja kodi ya kibanda, iliyoanza kutozwa katika koloni mwaka 1898, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa jasho. Mkaidi alipigwa viboko ishirini na tano, ambavyo wazee wetu waliviita hamsa ishirini. Maboma ya siku zile yalisimama kwa nguvu za namna hiyo.

Mwaka 1917 kikosi cha Kijerumani kilichojitenga na jeshi lake kubwa, kikiongozwa na Naumann, kilifika Ikoma, na mapigano yakawa hapo ngomeni. Kikosi kile kilisalimu amri Oktoba mwaka ule ule, karibu na Kondoa. Vitabu vyataja majina ya maofisa. Wapagazi waliowabebea mizigo hawatajwi.

Mwingereza akatawala, kisha ukaja Uhuru mwaka 1961. Katika miaka ya 1960, watalii walipozidi, ngome ile ilitengenezwa upya ikawa hoteli. Pale alipolala askari na bunduki yake pakatandikwa shuka nyeupe. Wageni wengi wa Serengeti ya kaskazini siku hizo walitoka Nairobi, wakipita Masai Mara na kuvuka mpaka karibu na Bologonja. Ama mwenyeji, katika hoteli za zama zile, aghalabu alionekana akiwa na sinia mkononi.

Kisha Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Magari ya watalii yakakoma kuja. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini njia ile ya Bologonja haikurudia hali yake, na watalii wakazoea kuingia kwa upande wa Arusha. Hoteli ya Ikoma ikafa, na ngome ikawa gofu.

Na hapa pana jambo la kustaajabisha. Ngome ya kweli ya wakoloni iliachwa ibomoke, na huku katika kilima cha Sasakwa, upande wa Grumeti, pamejengwa katika karne hii hoteli mpya kwa mfano wa jumba la bwana mkubwa wa Kiingereza wa zama zile. Usiku mmoja wa mtu mmoja hupita dola 1,000! Unguja nako jumba la kale limegeuzwa hoteli: Mambo Msiige, lililojengwa yapata 1850, likawa baadaye ubalozi mdogo wa Waingereza, na tangu 2015 ni hoteli ya kifahari. Husimuliwa kwamba mwenyewe alichanganya mayai katika chokaa. Jina alilolipa jumba lake latosha kuwajibu wazazi wetu habari ya bei.

Mwenye uwezo na aende, wala sisi hatumhusudu. Na aulize kwanza habari za jikoni, nani amechinja na vyungu vimepikiwa nini, kabla hajatoa fedha. Kibla huku ni kaskazini, ikielekea mashariki kidogo. Atokaye Mugumu asipunguze sala, maana mwendo wa kufika Ikoma haujafika kiasi chake.

Lakini kabla ya hoteli, twamsihi awapeleke watoto Robanda kwa wazee, na nauli yake haifiki hata bei ya chai huko Sasakwa. Wako wachache waliokuwa vijana hoteli ile ilipofungwa, nao walisimuliwa na baba zao mambo ambayo hayakuandikwa popote. Kila mwaka twazika mmoja au wawili. Watoto wachukue daftari, waamkie kwa adabu, wakae mkekani, waulize: mawe yale yalichukuliwa wapi? Nani aliyabeba? Walipewa nini jioni?