Kukompaili Si Kupima
Swali hili haliishi kurudi kwa wataalamu wa programu za vifaa: ikiwa lugha yenyewe inamlazimisha mwandishi ashughulikie kila hitilafu, majaribio ni ya nini tena? Wanaouliza si wanafunzi wa jana. Ni watu wanaoandika Rust au Zig kwa ajili ya chipu za pampu, mita na majokofu ya chanjo, wakaona programu imekompaili bila onyo hata moja, wakaridhika.

Waridhike na nini? Kuhusu hitilafu, kompaila hukagua jambo moja tu: kwamba haikuachwa ipite kimyakimya. Hatua iliyoandikwa ya kuikabili, iwe ya busara au ya hatari, kwake ni sawa.

Mfano ni Zig. Kitendakazi kinachosoma kihisi cha joto hurudisha ama nyuzi joto, ama hitilafu. Mwandishi anaandika `const joto = kihisi.soma() catch 0;` na kompaila inakubali. Siku waya wa kihisi unapolegea, usomaji unashindikana, joto linahesabiwa kuwa sifuri. Programu inayoendesha hita inaona baridi kali, inaiwasha na haiizimi. Aina zote ziko sahihi. Kinachoungua ni kifaa.

`catch unreachable` ni mbaya zaidi, kwa kuwa inaiapia kompaila kwamba hitilafu haiwezi kutokea. Katika hali ya Debug programu husimama. Katika ReleaseFast ukaguzi huo huondolewa, na hitilafu ikitokea hakuna awezaye kusema programu itafanya nini. Upande wa Rust, `unwrap` huzusha paniki hitilafu ikitokea, na kifaa chenye maktaba ya panic-halt huzunguka palepale bila kikomo, pampu ikibaki kama ilivyokuwa.

Anayedhani haya ni makosa ya wanagenzi aisome ripoti ya ajali ya roketi ya Ariane 5. Tarehe 4 Juni 1996, kule Kourou, Guiana ya Ufaransa, programu ya lugha ya Ada iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kugeuza namba ya desimali ya biti 64 kuwa namba nzima ya biti 16, ambayo kikomo chake ni 32,767. Haikuenea. Kati ya vigeu 7 vya namna hiyo, 4 vilikuwa na kinga. 3 viliachwa makusudi, kwa hoja kwamba thamani zake haziwezi kukua kiasi hicho. Hitilafu iligunduliwa barabara. Balaa ilikuwa katika kilichofuata: kifaa cha uelekezi kilijizima, kile cha akiba kikiwa kimekwisha kujizima kwa sababu ileile, na kompyuta kuu ikasoma taarifa ya hitilafu kana kwamba ni takwimu za safari. Roketi ilipinda, ikavunjika angani sekunde zipatazo 40 baada ya kuanza safari. Tume ya uchunguzi ilisema wazi kwamba kukijaribu kifaa cha uelekezi kwa mwenendo halisi wa Ariane 5 kungeifichua kasoro. Jaribio hilo halikufanyika.

Njia zipo, na si ghali. Zig inayo `expectError`, ya kuthibitisha kwamba hitilafu iliyotarajiwa ndiyo iliyorudi, na `checkAllAllocationFailures`, inayorudia jaribio lilelile huku ikinyima kumbukumbu kwenye ombi la kwanza, kisha la pili, na kuendelea. Kwa Rust, maktaba ya embedded-hal-mock huiga kihisi kinachogoma kujibu, na zana ya ukaguzi ya Clippy ikiwashiwa kanuni ya `unwrap_used` hulalamika kila `unwrap` inapoonekana. Mantiki ijaribiwe kwanza kwenye kompyuta ya mezani, kisha kwenye bodi halisi: waya wa kihisi uchomolewe kifaa kikifanya kazi, volti zishushwe. Na jaribio lisiishie kwenye jina la hitilafu. Likague pia kama hita imezimika na vali imefungwa.