Bukavu: Vakansi zinaelekea mwisho, wanafunzi wanatafuta kaye na minervali

Katika mji wa Bukavu, jimboni Kivu ya Kusini, vakansi kubwa zimebakisha majuma machache tu. Mwezi wa saba umepita, wa nane unakimbia, na kama kawaida ya Kongo kengele ya shule inangojewa kulia tena jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tisa. Kwenye kalenda, hii ni miezi ya mtoto kupumzika. Ndani ya jamaa nyingi za komini za Kadutu, Bagira na Ibanda, ni miezi ya kupiga hesabu: nani atarudi darasani siku ya kwanza, nani atangoja kidogo, na feza itatoka wapi.

Hesabu hiyo haifanywi na wazazi peke yao. Watoto nao wako ndani, kwa mikono yao.

Siku inaanza na bidoni

Kiangazi kinapokaza, maji yanakuwa kazi ya kwanza ya mwanafunzi. Kwenye kata za mlimani kama vile Cimpunda, robine inaweza kukauka siku nyingi, na mtoto anaamka kungali giza, bidoni ya litri 20 mkononi, kuwahi mstari kwenye chemchemi ao kwenye nyumba ya jirani mwenye robine inayotoka. Kushuka ni rahisi. Kupanda na mzigo kichwani, kwenye njia za udongo zilizochongwa na mvua za mwaka uliopita, ndiyo michezo ya kila asubuhi.

Wasichana wana kazi zaidi. Wakisha kuleta maji, kuna vyombo vya jana, kuna kufagia kiwanja, kuna mdogo wa kubeba mgongoni mama anapoenda soko, na saa sita bugali na sombe vinapaswa kuwa tayari. Wakati wa masomo, angalau shule inawatoa nyumbani nusu ya siku. Wakati wa vakansi hakuna kengele ya kuwaokoa. Ndiyo sababu msichana anaweza kufika mwezi wa tisa akiwa amechoka kuliko kaka yake, na kaye za mwaka uliopita hajazifungua hata mara moja.

Soko, cherehani na likelemba

Baada ya maji, wengi wanatoka kutafuta. Kwenye soko ya Kadutu, iliyo kubwa kuliko zote za mji, na kwenye ile ya Nyawera, vijana wanatembeza maji ya sashe, mayai ya kuchemsha, karanga na mifuko. Wengine wanabeba mizigo ya wateja. Boti kutoka Idjwi zinapofika na nanasi na ndizi, mikono ya kushusha inahitajika. Wasichana wanakaa kando ya mama zao mbele ya ndazi, nyanya na sambaza, na wanajifunza kurudisha chenji haraka kuliko walivyojifunza kwenye somo la hesabu.

Kuna pia wale wanaotumwa kwa mjomba ao kwa shangazi kujifunza kazi: kukaa kwenye cherehani, kusuka nywele, kupiga randa mbao, kufungua injini ya moto. Hao mara nyingi hawalipwi, lakini wanarudi na kitu mkononi. Mtoto aliyejua kushona mwezi wa nane anaweza kurekebisha sare yake mwenyewe, na ya wadogo wake.

Feza ndogo inayoingia jioni inagawanywa. Sehemu inaingia ndani ya chungu siku ileile. Sehemu nyingine anapewa mama aichunge, na mama anaipeleka kwenye likelemba ao kwenye kikundi cha AVEC, pale wanawake wanapoweka akiba kila juma. Anayejua kupanga anaomba zamu yake ya kupokea iangukie mwisho wa mwezi wa nane. Kwa jamaa nyingi, hiyo ndiyo benki ya shule.

Sheria haikatazi mtoto kusaidia wazazi wake. Lakini sheria ya tarehe 10 januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamlinda na unyonyaji wa kiuchumi, na hapo kuna mpaka ambao kila mzazi anaujua moyoni. Mtoto anayeuza karanga asubuhi na kucheza mchana yuko kwenye vakansi. Mtoto anayeponda mawe tangu jua kutoka hadi jua kuzama, ao anayefuata wakubwa kwenye machimbo ya zahabu ya upande wa Kamituga, yuko kwenye kazi ya watu wazima. Machimbo yana hatari yake ya pili: kijana anakwenda akisema ni kwa vakansi tu, anashika feza yake ya kwanza, na mwezi wa tisa benchi la shule linamwonekea dogo.

Maharagi ya kula, ya kuuza ao ya kupanda

Jamaa zenye kuwa na shamba zinatuma watoto kwa nyanya na babu huko Kabare, Walungu ao Kalehe. Huko mtoto wa mji anachunga mbuzi, analima pamoja na wengine kwenye mabonde yenye unyevu ambako watu wanapanda wakati wa kiangazi, anasikia lugha ya kijiji siku nzima, na kwa kawaida anakula kushinda mjini. Anarudi na kifurushi cha maharagi ao unga wa muhogo kwa mama.

Lakini hata kifurushi hicho kina maswali matatu. Mwezi wa tisa mvua zinarudi, na msimu mkubwa wa kupanda, ule wanaouita msimu A, unaanza. Mbegu za maharagi na mahindi zinahitajika wakati uleule shule inafungua milango. Kikapu kilekile cha maharagi kinaweza kuliwa, kinaweza kuuzwa ili kupata kaye, ao kinaweza kuchungwa kwa kupandwa. Anayeuza mbegu zote kwa ajili ya minervali ya kwanza anaweza kukosa mavuno ya mwanzo wa mwaka unaofuata, na kukosa pia feza ya kumalizia mwaka wa masomo. Hii ndiyo hesabu ngumu ya majuma haya, na hakuna kaye inayoifundisha.

Vita vimeifanya iwe ngumu zaidi. Tangu AFC/M23 walipoingia Bukavu katikati ya mwezi wa pili 2025, majuma machache baada ya Goma, mabenki yalifunga milango, na wazazi waliokuwa wakipokea mshahara huko walilazimika kutafuta njia zingine. Feza ya ndugu walio mbali inapita kwenye simu, na kila kuitoa kunakatwa kitu. Kuna pia jamaa ambazo hazitumi tena watoto kijijini, kwa kuogopa barabara. Mtoto anabaki mjini, na mfuko wa maharagi unabaki kijijini.

Darasa la saba, hapo ndipo wengi wanaangukia

Katiba ya mwaka 2006, kwenye kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali. Tangu mwezi wa tisa 2019 serikali ilianza kutimiza neno hilo, na watoto wengi waliokuwa wanakaa nyumbani wakaingia darasani. Ni kweli kwamba kaye, biki, viatu, shati nyeupe na suruali ao jupe ya bluu havikuwa bure hata siku moja. Lakini mzigo mkubwa, ule wa minervali na prime ya mwalimu, ulipungua mabegani mwa wazazi.

Ubure huo unaishia darasa la sita. Sheria ya mwaka 2014 juu ya elimu ya taifa inahesabu masomo ya msingi kuwa miaka minane, maana yake darasa la saba na la nane ni ndani. Kwa vitendo, mzazi anapofikisha mtoto darasa la saba anaanza kulipa.

Kwa hiyo mtoto aliyefaulu mtihani wa ENAFEP anaweza kupita vakansi na furaha na woga pamoja. Jamaa imempongeza, jina lake limetajwa kanisani ao mtaani, lakini shule mpya iko mbali zaidi, masomo ni mengi zaidi, na kila somo linataka kaye yake. Ikiwa nyumbani wako watatu wanaosoma sekondari, majadiliano ya jioni yanakuwa mazito: nani aanze kwanza? Mara nyingi mkubwa anapewa nafasi kwa sababu yuko karibu na diplome, na mvulana anapewa mbele ya msichana bila mtu kueleza sababu. Msichana anaambiwa angoje mwaka mmoja, na mwaka mmoja wa kungoja nyumbani unaweza kumfungia mlango wa shule kabisa.

Anayetoka darasa la nane ana swali lingine: achague tawi gani? Mtihani wa TENASOSP unasaidia kumwongoza, lakini mfuko wa baba nao unaongoza. Ufundi unaomba vyombo, ushonaji unaomba vitambaa, sayansi inaomba vitabu. Si haba mtoto anaandikishwa kwenye shule iliyo karibu na nyumbani, kwa tawi lililoko pale, kwa kuwa hapatakuwa na feza ya taksi.

Poda kwa wengine, kimya kwa wengine

Vakansi ni pia wakati wa matokeo ya Mtihani wa Taifa, yanayotangazwa jimbo kwa jimbo. Siku hiyo simu hazitulii. Aliyefaulu anamwagiwa poda nyeupe kichwani, anazungushwa mtaani na wenzake, na wamotari wanapiga honi kama harusi. Kesho yake yeye naye anarudi kwenye hesabu: kuandikishwa UOB, UCB, ISP, ISTM ao ISDR kunaomba feza ambayo nyumbani haijaonekana.

Aliyekosa anapita majuma hayo kimya. Anakwepa barabara yenye watu wengi. Wazazi wengine wanamfokea, wengine wanaogopa hata kumgusa kwa neno. Kurudia mwaka ni kulipa minervali ya mwaka mzima tena, na hapo ndipo wazo la kuondoka, kwenda machimboni ao kushika bunduki, linaweza kuingia kwa mlango wa nyuma. Kijana wa namna hiyo anahitaji mtu mzima mmoja wa kukaa naye, kumwuliza anataka nini, kabla rafiki wa barabarani hajamwuliza.

Vakansi ni vakansi hata hivyo

Pamoja na hayo yote, mchana ukipoa mji unajaa sauti za watoto. Michuano ya mpira kati ya mtaa na mtaa inachezwa juu ya vumbi, kwa jezi za chaguwa ao kifua wazi. Wengine wanashuka ziwani kuoga, pale wazazi wanapowakataza kila siku kwa sababu Ziwa Kivu linakuwa na kina ghafula karibu na ukingo. Parokiani kuna Kizito-Anuarite, kuna skauti, kuna kwaya. Tarehe 1 ya mwezi wa nane, siku ya wazazi, watoto wanafuatana na wakubwa makaburini kusafisha na kukumbuka waliotangulia, kisha wanarudi kula pamoja.

Kuna na kazi ndogo za nyumbani ambazo zinatangaza kwamba shule imekaribia. Kaye za mwaka uliopita zinafunguliwa, kurasa ambazo hazikuandikwa zinatolewa na kushonwa kwa uzi, na kaye mpya ya mazoezi inazaliwa. Viatu vya mkubwa vinahamia kwa mdogo. Pindo la suruali linashushwa. Vitabu vinafunikwa na karatasi za kalenda iliyopita. Wanaodaiwa mtihani wa repêchage wanakaa chini ya mti na mwanafunzi wa juu anayewaeleza, kwa malipo ya mhindi wa kuchoma.

Kabla ya kengele

Katika juma la mwisho, kila mtu anakimbilia kaye na biki kwa siku zilezile, na bei inapanda. Anayenunua moja-moja tangu mwezi wa saba, kila anapopata kitu kidogo, anapumua vizuri zaidi kuliko anayengoja feza nzima.

Jambo lingine ni kuzungumza na shule mapema. Kila shule ina komite ya wazazi, na ndiyo nafasi ya kuuliza feza gani zinaombwa, kwa nini, na kama zinaweza kulipwa kwa sehemu. Mzazi anayemwona prefe mwezi wa nane, wakati ofisi haijajaa watu, na akaacha maafikiano yameandikwa kwenye karatasi, anajitayarisha kwa siku ambayo wengi wanaisahau.

Siku hiyo haiko jumatatu ya kwanza. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa shule nyingi zinapokea kila mtoto, hata asiyelipa. Kufukuzia minervali kunakuja baadaye, mvua ikiwa imeshika na akiba ya vakansi imekwisha: majina yanasomwa, na wenye deni wanatoka na mifuko yao mgongoni. Yule ambaye karatasi yake iko mezani kwa prefe anabaki kwenye benchi, anaendelea kuandika.